Mkwe Aliyeketishwa Mezani

Ndola, Zambia, tarehe 9 Machi 2025. Ni miaka arobaini na sita tangu niondoke Tukuyu. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka nilimbebea mpiga picha mikebe na miguu ya kamera huko Kinyala, tulipotengeneza filamu ya Njia ya Migombani. Ni hadithi ya mwanamke anayempikia baba mkwe wake mgonjwa kwa miaka tisa bila kumwona hata siku moja. Mwanamke yule aliigizwa na Agness, na mgonjwa aliigizwa na Mzee Anyitike, ambaye alikuwa baba mkwe wake kweli. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hali naye, wala hatamki jina lake. Kwa hiyo Agness tulimpiga picha Jumatatu na Alhamisi, mzee siku nyingine, na filamu nzima haina picha moja iliyowakutanisha. Agness alikubali kuigiza kwa sharti hilo. Mzee ameshafariki; Agness sasa ni bibi. Mjukuu wake Lilian ameirekodi kwa simu hotuba iliyotolewa wiki iliyopita huko Mpuguso, akanitumia. Nimeinakili bila kuihariri.

*

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Waheshimiwa watendaji wa kata za Mpuguso, Kinyala na Kawetele pamoja na wale waliotuma wawakilishi na wale ambao wawakilishi wao wametuma udhuru, Baba Mchungaji, Shehe wetu, wazee wa mila, wadau wa picha jongefu wa ndani na nje ya wilaya, wanahabari, hasa yule mwenye kamera, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mugonile! (Wachache wanaitikia.) Nimesema mugonile! (Wale wale wanaitikia.)

Ndugu wananchi, mimi, Jairo, mtoto wenu, mliyeniona nikipita hapa peku na leo mnaniona Mratibu Mkuu wa Uboreshaji wa Urithi wa Picha Jongefu, nimesimama mbele yenu kuzindua Kituo cha Uhariri na Uboreshaji wa Filamu za Kale, ambacho baada ya upembuzi yakinifu, upembuzi wa upembuzi huo, na ziara tatu za mafunzo nilizozifanya kwa niaba yenu katika hoteli mbalimbali, kimeonekana kuwa ndilo suluhisho la kudumu la tatizo ambalo wengi wenu hamkujua mnalo, yaani tatizo la filamu za zamani kubaki zilivyo. (Makofi kutoka meza kuu.)

Maana filamu ya zamani ikibaki ilivyo, inasaidia nini? Tuliichukua Njia ya Migombani kama filamu ya majaribio, tukatumia nakala ya dakika kumi na moja ambayo mtu aliipiga kwa simu siku ilipoonyeshwa Mbeya, kwa sababu utafiti umebaini kwamba mwananchi wa leo ana dakika kumi na moja tu za utamaduni kwa siku. Tulipoitazama, wataalamu wangu walishtuka. Mvua inanyesha mwanzo mpaka mwisho! Mwekezaji akiona hivyo atakuja Rungwe kufanya nini? Tumeitoa mvua yote. Migomba ilikuwa inayumbayumba bila mpangilio; tumeinyoosha. Pale mama anapoweka bakuli kizingitini na kuondoka kimya kwa dakika nzima, tumeweka muziki wa kuchezeka na droni inapita juu. Watazamaji waliohojiwa wameridhika kwa asilimia themanini na saba nukta tano, yaani saba kati ya wanane, na huyo wa nane alikuwa anapita tu kwenda sokoni. (Kicheko kimoja, nyuma.)

Lakini kasoro kubwa, ndugu zangu, na hapa naomba wanahabari waandike, tuliigundua sisi, haikuwahi kugunduliwa na mtu kwa karibu miaka hamsini. Katika filamu ile kuna waigizaji wakubwa wawili, mkwe na baba mkwe wake, na hawaonekani pamoja hata mara moja! Mmoja akiingia, mwenzake ametoka. Mmoja akija njiani, mwenzake yuko migombani kajifunika khanga kichwani, ametazama pembeni. Nikawauliza wataalamu, huu ni uzembe wa nani? Wakasema labda kamera ilikuwa ndogo. Nikasema, basi sisi kamera yetu si ndogo, tuna akili mnemba. Tukawachukua wote wawili, tukawaketisha mezani, bega kwa bega, wanakula sahani moja ya ndizi na nyama, mkwe anamlisha mzee tonge, mzee anacheka, wanatazamana. Familia imeunganishwa! Opereta, weka ile picha pale kwenye kitambaa, wananchi waone.

(Viti vinasogezwa.)

Naona imewagusa. Naona akina mama wazee upande ule wamejifunika khanga usoni kwa uchungu wa furaha. Wengine wanatoka, nadhani wanakwenda kuwaita majirani. Ndaga fijo, asanteni sana, akina mama, rudini na wenzenu.

Aliyesimama pale ni nani? Ah, ni Bibi Agness, mwigizaji wetu mwenyewe. Mpeni kipaza sauti, huyu ni hazina ya wilaya.

(Sauti ya Bibi Agness: "Baba, mimi sikuketi na mkwe wangu. Sijawahi. Niondoe hapo.")

Mmesikia unyenyekevu huo? Bibi, usijione mdogo, umestahili kuketi. Tena kwa ajili ya kumbukumbu za kitaifa, mtaje huyo mzee kwa jina, useme "mimi nimeketi na fulani," tuiweke mwisho wa filamu.

(Kimya kirefu.)

Amelisahau jina. Ni umri, ndugu zangu, tumwelewe. Ndiyo maana Kituo kinahitajika.

(Sauti ya Bibi Agness: "Sijalisahau. Mmenichukua uso wangu mkaufanyisha jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelifanya. Watoto wangu wakiangalia watasema mama alikuwa mtu wa namna gani? Mimi naomba ile yangu ya kwanza. Ioneshwe ile, na hii ifutwe.")

Nashukuru sana kwa mchango huo wa kujenga, na nitaujibu kitaalamu. Kwanza, uso ukishaingia kwenye filamu si wa mtu binafsi, ni rasilimali, kama maji ya mto Kiwira. Pili, walioitengeneza filamu ile tuliwatafuta ili watoe ridhaa, tukabandika tangazo kwenye mlango wa ofisi yangu kwa siku mbili, hakutokea mtu. Inasemekana mmoja yuko Zambia, na kisheria mtu aliye Zambia amekaa kimya. Tatu, wapo watakaosema mbona kuna vijana mitaani wanaozipenda filamu za zamani, wanazikata na kuzishona upya kwenye simu zao, na hakuna anayewakataza? Ni kweli wapo, tumewatembelea. Lakini vijana wale hawana weledi. Kijana anakata filamu, halafu anaandika juu yake wazi kabisa kwamba hii nimeikata mimi, ya asili iko pale, nendeni mkaione. Anamwonesha mtazamaji njia ya kurudi! Huo ni mkanganyiko. Sisi mtazamaji wetu hakanganyiki, maana hata ile nakala ya simu tumeifuta, tumemwachia moja tu. (Makofi kutoka meza kuu.)

Malengo ya awamu ijayo ni filamu mia mbili arobaini kwa mwaka. Nimeunda kamati, kamati ndogo na timu ya dharura, zote mimi ni mwenyekiti, ili kuokoa muda wa kuitisha kura. Vyumba vya Kituo vitakuwa kumi na viwili vyenye ubaridi maalumu wa kutunza mikebe, jambo ambalo hata baadhi ya mataifa makubwa yanalisikia kwetu.

Sasa nasema Filamu ya Kale, mnaitikia Iboreshwe! Filamu ya kale! (Meza kuu: "Iboreshwe.") Asiyeketi! ("Aketishwe.") Rungwe bila mvua! (Hakuna anayeitikia. Mvua inasikika kwenye turubai.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mzee Andrea kwa kutuazima malisho haya, na ng'ombe wake waruhusiwe kurudi mara nitakaposhuka, isipokuwa wasilisogelee jiwe la msingi, kwa kuwa ni la maboksi na fundi matangazo analihitaji kesho kwa shughuli nyingine. Namshukuru ndugu Idrisa wa duka la kupiga kopi pale stendi, mhariri wa video za harusi, ambaye ndiye Kitengo cha Uhariri, ndiye Kitengo cha Akili Mnemba, na kompyuta ni yake. Na namshukuru kwa namna ya pekee Bibi Agness, ambaye ameulizia filamu ya asili, nami sipendi kumficha mzazi. Bibi, mikebe ile sita ilitumwa kutoka Dar es Salaam ikiwa salama, ikaelekezwa iletwe Kituoni, na dereva aliitii barua. Na kwa vile Kituo hakikuwa na chumba, wala ukuta, wala, kwa lugha ya kitaalamu, kuwapo, aliishusha hapa hapa tulipo, kwenye nyasi hizi, mwezi wa Novemba. Imekaa hapa mvua zote. Tulipokuja kupima eneo la turubai tuliikuta, tukaifungua, na ndani hapakuwa na picha tena, ni kitu kama ugoro uliolowa. Kuku wa Mzee Andrea wananyweshewa kwenye mifuniko. Kwa hiyo, Bibi, furahi: ile uliyoketi ndiyo iliyobaki. Asanteni kwa kunisikiliza.

*

Lilian ananiandikia kwamba bibi yake hajatoka nyumbani tangu siku ile, na kwamba Idrisa alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni akaomba radhi, akaifuta mbele yao. Sasa hakuna filamu kabisa, na Bibi amesema hivyo ni bora. Lilian ameniuliza kama nitakuja mwezi wa saba nimweleze jinsi tulivyoipiga, picha kwa picha, aandike. Nitamweleza kwa simu, Jumatatu na Alhamisi. Tukuyu sitarudi; nataka ile niliyoiacha ibaki ilivyo.