Suruali Yangu Mikononi mwa Mama Mkwe

Leo nimepatikana, watu wangu. Kaeni chini niwaambie mwenyewe kabla hamjaona video. Ndiyo, video iko.

Mnajua mama mkwe wangu ametoka Bungoma kuja kumwona mjukuu wake Baraka kwa mara ya kwanza. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, kwa hivyo hakufikia kwetu Ruiru. Amefikia Thika, huko Ngoingwa, kwa Senje Rasoa, dada wa marehemu baba yangu, yule aliyenilea.

Kwa wale wasiojua mila zetu: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali meza moja. Hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani unampisha, hata kama ni kuingia kwenye mahindi ya watu. Tangu nimwoe Nafula sijawahi kumwona mama huyu vizuri. Polisi wakiniuliza anafananaje, nitawaeleza viatu tu.

Na hii safari haikuwa ya mchezo. Wajomba wa Nafula huko nyumbani wanasema vijana tuliohamia mjini tumesahau heshima. Mama huyu anarudi kesho, na wanamngojea na swali moja: huyo mkwe wetu yukoje? Nikaapa wikendi hii nitakuwa na heshima mpaka wajomba wachoke.

Wazo la kwenda Maporomoko ya Chania lilikuwa la Nafula. "Mama hajawahi kutembezwa maisha yake yote," akaniambia. "Yeye akitembea, anaenda sokoni ama matangani."

Kweli hilo lilinigusa. Nikasema leo mama atatembezwa, ataona maji, atakula vya watu.

Sasa kuna mambo mawili madogo yaliyotokea asubuhi kabla hatujatoka Ruiru. La kwanza, jana mvua ilinyeshea nguo zangu zote za ndani kwenye kamba. Nikatafuta kabatini nikapata bukta ya njano niliyochezea mpira shuleni. (Ina namba mgongoni, yaani pale chini ya mgongo. Tena ina tundu. Endeleeni kusoma.) La pili, nilivaa buti zangu za kazi, zile nzito za kiwandani, kwa sababu huko chini kuna matope.

"Baba Baraka," Nafula akaniambia mlangoni, "huo mshipi umechoka."

"Utamaliza leo."

(Ulimaliza.)

Tukakutana na wageni kwenye ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko. Nikaagiza chakula kwanza ili kipikwe tukitembea. Kuku, ugali, na mukimo, maana huwezi kuja Thika ukarudi bila kuonja mukimo. Meza mbili. Mama, Senje na Nafula na mtoto huku. Mimi kule, nimewapa mgongo, nimetazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Dada anayehudumia, Mkikuyu mmoja mchangamfu sana ambaye L kwake ni R, akasimama katikati akatuangalia. "Karibuni. Rakini mbona mmeketi mbarimbari? Kwani mmekosana?"

"Hapana," nikamwambia ukuta. "Tunaheshimiana."

"Haiya!"

Nikamtuma Nafula: "Mwambie mama hiyo mukimo ni viazi, mahindi na majani ya malenge, asiogope rangi."

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Nafula, mwambie niko hapa karibu. Nasikia."

Senje akacheka hadi akakohoa.

Basi tukashuka kuona maji. Mimi nilitangulia mbali kabisa ili mama asibanane na mimi kwenye kijia. Huko chini palikuwa na kwaya ya kanisa, nguo za zambarau, wanarekodi wimbo. Mpiga video amesimama, wana sauti, wanachezesha mabega upande huu na upande ule. Nikapiga picha ya maporomoko, nikaanza kupanda kurudi.

Kumbe huko juu Nafula amesimama kumfunga Baraka shuka vizuri, na Senje amekaa kwenye jiwe anatafuta pumzi. Mama hakuwangojea. Maji yalikuwa yanamwita. Napinda kona hivi, naona viatu. Vile viatu ninavyovijua!

Kijia chembamba. Upande mmoja mwamba. Upande wa pili nyasi, halafu mteremko, halafu mto. Mtu mwenye akili angesema, "Mama, ngoja kidogo nirudi nyuma." Lakini mtu mwenye akili hana wajomba wa mke wanaongojea ripoti. Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikampisha. Nikakanyaga nyasi.

Nyasi zilikuwa zimelowa mvua ya jana, watu wangu.

Nilienda kifudifudi, kichwa mbele, mikono inatafuta kitu cha kushika na hakuna. Naona mto unanijia. Nikapiga kelele ile ya kila mtoto wa mwanamke: "Mamaaa!"

Na mama alikuwepo.

Mkono ukanidaka kiunoni, ukashika mshipi na suruali pamoja. Nikasikia ameketi chini kwa kishindo, amekita visigino. Nikaacha kuteleza. Nikasema asante Mungu, nimepona. Halafu mshipi ukasema *tap*.

Sasa fikirieni. Mama ameshikilia suruali kwa nguvu zote za mtu aliyelima mahindi tangu utotoni. Suruali haiendi popote. Lakini mimi naendelea na safari! Nikatoka ndani yake polepole, mapaja, magoti, vifundo vya miguu, hadi suruali ikageuka ndani nje na kukwama kwenye zile buti. Hapo ndipo niliponing'inia. Kichwa kwa mto, miguu kwa mama mkwe, na bukta ya njano ikielekea mbinguni.

Kwaya ikakatiza wimbo. Halafu sauti moja ya soprano ikatoka: "Damu ya Yesu!"

"Tulia!" mama akanifokea. "Usipige mateke! Nimekushika!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mwenyewe, bila kumtuma mtu.

Waimba besi wawili wakaja wakanivuta kwa miguu mpaka kijiani. Nikaketi kwenye matope. Suruali imepasuka kutoka kiunoni hadi goti. Senje akafika mbio, akatuangalia, akashika kichwa.

"Wuui! Umemgusa mkwe?"

"Nimemgusa," mama akasema.

"Na umemwona?"

"Rasoa, ningemshika nikiwa nimefunga macho?"

"Basi hiyo lazima mbuzi ya faini itoke! Mila ni mila!" Senje hachezi na mila. Nafula naye amesimama na mtoto mgongoni, analia na kucheka, hata sijui alianza na gani. Mimi nimeinamisha uso, nawaza wajomba. Nawaza mama atashuka kwa basi kesho na habari ya namba na tundu.

Mama akainuka. Akapangusa matope kwenye gauni lake. Akasema polepole, kila mtu akasikia, hata kwaya:

"Huyu alikuwa anaingia kwa maji. Ameniita mama, nimemvuta, ametoka kichwa chini, amepiga kelele, karibu awe uchi. Rasoa, sisi wanawake tunaita hiyo nini?"

Senje akashusha mikono kutoka kichwani.

"Nimemzaa," mama akasema. "Na mtoto halipi mbuzi kwa kuzaliwa."

Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akainama, akanizungushia mimi, akafunga fundo mbele akalikaza. Nawaambia ukweli, hapo ndipo nilipotokwa na machozi. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Senje alinilea vizuri, na deni hilo la shukrani nitaendelea kumlipa. Lakini sikumbuki mtu akinifunga nguo kiunoni hivyo, kwa kukaripia, akisema, "Simama vizuri." Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Nafula. Kumbe ni mama mzuri tu, na alikuwa ameogopa kuliko mimi.

"Asante, mama," nikasema. Moja kwa moja. Bila mjumbe.

Tukapanda kurudi hotelini. Nasikia kwaya nyuma yangu wanaanza kucheka mmoja mmoja, halafu wote. Sikuelewa mpaka Nafula akanisomea maandishi ya leso, yaliyokaa sawasawa pale kwenye makalio yangu: NANI KAMA MAMA.

Yule dada wa hoteli alipotuona tunaingia, mimi na leso, mama na matope, tukaketi meza moja, akaweka sahani chini akapiga makofi. "Ngai! Sasa mmeperekana wapi mkapatana?"

Tukavuta sahani. Tulikuwa na njaa. Mama alionja mukimo, akafikiria, akasema ni nzuri lakini inahitaji ugali pembeni. (Kwetu kila kitu kinahitaji ugali pembeni.) Halafu akampasua kuku kwa mkono wake, akatafuta firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu. Mnaojua, mnajua firigisi humwendea mwanamume anayeheshimiwa mezani. Hata Senje aliitikia kwa kichwa.

Sasa niko Ruiru, nimekaa kwenye kochi, bado nimevaa leso. Nimekataa kuirudisha. Mgongo unauma, jina langu limeharibika katika kanisa zima ambamo hata sisali, na nina furaha ambayo sijui nimwambie nani, ndiyo maana nawaambia ninyi. Mkiiona hiyo video, tafadhali msinicheke. Mkishindwa, basi chekeni upande wa bukta tu, upande wa mama muuache.

Tulipoagana nilimwuliza kesho atawaambia nini wajomba. Akafikiria kidogo.

"Nitawaambia heshima anayo," akasema. "Hana mshipi."