Siagi Chini ya Injini

Jumatatu, 13 Januari

Nyuzi hamsini chini ya sifuri. Ukungu hadi puani. Hapa kwetu Yakutia watu huwasha magari Oktoba na kuyazima Machi. Usiku kucha yananguruma uani, yamefunikwa mablanketi kama wagonjwa. Upuuzi mtupu! Jana nililizima langu, ili shemeji yangu Ayaal aone mtu mwenye akili anavyobana petroli. Ameona. Leo haliwaki. Oili imekuwa gundi.

Mke wangu Sargylaana hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema mama yake anashuka na ndege Jumamosi, na gari likishindwa kumpokea, Ayaal alichukue akang'oe vipuri. Gari la marehemu baba yangu! Ayaal alikuwepo, anatafuna samaki wetu wa barafu. Akaniambia, "Shemeji, usukani usiuchezee sana, una mtu wake tayari."

Jumanne, 14 Januari

Betri ililala ndani, kama betri za wanyonge wote mtaani. Wenzangu huiweka karibu na jiko. Mimi niliilaza kitandani, chini ya blanketi la manyoya ya sungura, ipate joto la mwili. Sargylaana alihamia sofani. Asubuhi blanketi lina tundu la kupitisha kichwa. Tindikali! Nilimwambia litaingiza hewa. Injini nayo ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Jumatano, 15 Januari

Makaa. Karai zima, chini ya tumbo la injini, oili ilainike. Blanketi la gari sina, kwa hiyo niliazima la Ayaal. Yeye hajajua kama ameazimisha. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka nilipokumbuka mila. Moto una mwenyewe, mzee wa ndevu nyeupe, na ukiuwasha sharti umlishe. Ndivyo tulivyolelewa. Watu humpa kijiko cha siagi. Kijiko! Kwa shida kubwa kama yangu? Nilimpa kopo zima.

Mzee alikula. Alimaliza siagi, akala blanketi la Ayaal, akashushia na nyusi zangu. Majirani waliuzima kwa theluji. Bibi Maaya wa nyumba ya pili alisema moto hulishwa, mjukuu wangu, hauhongwi. Wivu tu.

Gari limesalimika. Limekuwa jeusi upande mmoja na baridi pande zote.

Ijumaa, 17 Januari

Maji yamenifika shingoni. Nilimwomba Ayaal aniletee gari lake na nyaya, nivute umeme kutoka betri yake. Alikubali, ila kwanza nitamke mbele ya mtaa mzima kwamba Januari gari halizimwi. Nilitamka, haraka, mdomo ndani ya skafu. Akasema hajasikia, shemeji, masikio yana baridi. Nikarudia. Bibi Maaya akapiga makofi.

Likawaka! Nililia, na machozi yakaganda mashavuni. Kwa furaha, si kwa aibu.

Jumamosi, 18 Januari

Nilifika uwanja wa ndege mapema, kifua mbele. Magari yamepangwa yananguruma, ndani hamna hata mtu. Ujinga gani huu! Nikazima langu kwa muda kidogo tu, niingie kumpokea mama mkwe. Ndege ikachelewa.

Mama mkwe alikaa garini na mfuko wake wa maziwa yaliyogandishwa, akanitazama nikizungusha ufunguo. Akaniuliza kama marehemu baba yangu naye alikuwa hivi. Kisha akampigia mwanawe. Ayaal alituvuta kwa kamba: mama mkwe mbele kwake kwenye joto, mimi nyuma na usukani wa watu.

Jumapili, 19 Januari

Gari si langu tena. Inaniuma kweli.

Tulialikwa chakula cha mchana kwa Ayaal. Vipuri hakung'oa. Alililaza kwenye karakana yenye joto, likawaka lenyewe, na sasa linanguruma uani kando ya lake. Mama mkwe alimsifu toka nyama ya farasi hadi chai. Mimi nilitazama dirishani. Gari la baba yangu, mtu aliyezima taa hata wageni wakiwa mezani, linakunywa petroli mchana kutwa bila safari! Roho ilikataa. Nikasema natoka kuleta barafu ya kuyeyusha kwa maji ya chai.

Nimeyazima yote mawili.

Nikarudi na barafu, nikajipakulia tena nyama, nikakaa karibu na mama mkwe. Nje kulikuwa na utulivu mzuri sana. Ayaal bado hajanishukuru, lakini ndiyo kwanza anatafuta kofia yake atoke.