Wadudu Wanaopeana Umeme

Kasulu, Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Moto wa gesi leo: urefu wa njiti ya kiberiti. Jana ulikuwa njiti na nusu. Chai imechemka nikiwa nimeshasahau kwamba niliitaka.

Hali yenyewe ni hii. Mke wangu Esteri yuko Kibondo kwa binti yetu Nadine, aliyejifungua mwezi uliopita. Jumapili wanakuja wote, na mjukuu wangu wa kwanza. Kabla ya kupanda basi, Esteri alitangaza mbele ya wapangaji wetu: maharage ya kumpokea mtoto yatapikwa kwa hii gesi ya choo ninayoihubiri mwaka mzima. Yasipoiva, mtambo unafukiwa na juu yake anapanda migomba. Wapangaji wakaitikia amina. Watu ambao choo chao ndicho kinacholisha mtambo! Hawana uchungu na mali yao.

Lakini leo Mungu kanikumbuka. Semina, ofisi ya kata. Mtaalamu, binti mmoja mpole aitwaye Akimana, kaeleza kwamba ndani ya tope la choo mna vijidudu vinavyotengeneza gesi, na kwamba vinafanya kazi kwa kupeana umeme, kidogo kidogo, kama watu wanaopokezana ndoo. Ukiviwekea kaboni inayopitisha umeme, kama unga wa mkaa uliochomwa bila hewa, vinapokezana haraka zaidi. Gesi inapanda.

Umeme! Mimi, fundi redio wa miaka thelathini! Nikainuka papo hapo nikaenda zangu. Mwisho wa semina ni maswali ya wasioelewa.

Jumanne, 10 Juni

Mkaa wa nini? Kaboni safi ninayo chini ya meza ya kazi: kile kijiti cheusi cha katikati ya betri ya redio. Nimekipima kwa testa. Sindano imeruka mpaka mwisho.

Nina maboksi matatu ya betri zilizokufa. Esteri ananiomba nizitupe tangu mwaka wa tisini na nane. Nimezihesabu: mia mbili na kumi na mbili. Nilipanga kuzivunja asubuhi yote. Saa sita ikanikuta nimekaa nazo mapajani, sijavunja hata moja.

Baba yangu, marehemu Mzee Bazilio, alikuwa na redio moja kule Makere, tulikofikia tukikimbia vita mwaka wa sabini na mbili, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Betri zikichoka alizianika juani kama dagaa. Zikikaidi, aliziuma. Kweli, kwa meno! Kila betri ya nyumbani kwetu ilikuwa na alama za magego ya baba. Jioni majirani walijaa uani, baba ameshika redio sikioni, akingoja jina la kaka yake katika salamu za watu waliopoteana. Hakulisikia. Aliendelea kununua betri. Sisi watoto tuligawana vile vijiti vyeusi, tukachora malori ukutani, mama akatutimua na mwiko. Malori yangu yalikuwa na magurudumu tisa.

Siku hizi kila mtu ana sola. Nani anaanika betri?

Mchana nikaanza kazi. Kijiti kimoja, dakika nne. Nilipofikisha thelathini, vidole vikagoma. Hapo akili ikanijia: ule unga mweusi unaokizunguka kijiti, si nao ni mweusi? Weusi ni weusi. Nikamimina vyote mtamboni, vijiti na unga, betri mia nzima.

Jirani yangu Isihaka, mwenye duka linalouza mitungi ya gesi, kachungulia juu ya ua. Kauliza kama choo changu sasa kitakuwa kinasikiliza taarifa ya habari. Nikamjibu aanze kuagana na mitungi yake. Kasema ataagana nayo, ila kwanza fundi akanawe uso. Nilikuwa mweusi mpaka kwenye nyusi.

Alhamisi, 12 Juni

Moto: nusu njiti.

Si tatizo. Vijidudu vimeshtuka. Hata mimi, siku ya kwanza kupigwa na umeme, sikufanya kazi siku mbili. Nimemimina betri zilizobaki ili vizoee upesi.

Ijumaa, 13 Juni

Moto: hakuna. Viberiti sita. Hakuna.

Nimempigia simu Akimana. Nimemweleza nilichomimina. Kisha kauliza kama nimesema betri. Nikababaika, nikamwamkia shikamoo, binti wa rika la Nadine! Kasema vijiti peke yake pengine visingedhuru, lakini ule unga una chumvi na madini ambayo ni sumu. Vijidudu vimekufa, mzee wangu. Kaniambia niufunge mtambo, nisithubutu kupeleka tope lile shambani kwa mtu, na nisipande chochote pale. Jumatano atakuja na wenzake kulichukua kwa mapipa.

Nisipande chochote. Kwa hiyo na migomba ya Esteri haiwezekani. Nimelala na faraja hiyo ndogo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwa Isihaka, kofia mkononi. Nimemwomba mtungi wa siku moja. Kacheka mpaka kashika kaunta. Kakubali, kwa sharti: kila asubuhi, mwezi mzima, nipite dukani kwake niseme kwa sauti kwamba gesi ni ya Isihaka. Nimemwambia huo ni udhalilishaji. Kasema ndiyo, ni huo hasa.

Nimeuficha mtungi nyuma ya ukuta wa jiko, chini ya magunia. Mpira nimeupitisha kwenye tundu la panya. Kazi safi. Mkono wa fundi bado upo.

Jumapili, 15 Juni

Wamefika! Mjukuu ana paji la uso la baba yangu. Kanitazama kama mteja asiyeridhika.

Nimewasha jiko. Moto wa buluu, mpana kama sahani! Esteri kasimama. Kautazama muda mrefu. Kisha kaniambia, mbele ya kina mama wa kwaya waliokuja kumwona mtoto: "Baba Nadine, nisamehe, mwaka mzima nimekuwa nikikucheka." Macho yake yalikuwa na maji. Sijawahi kuona aibu kubwa namna ile, wala kuificha vizuri vile.

Kumbe Esteri akiomba msamaha, anaomba kwa vitendo. Pale pale kabeba jiko letu la mkaa na gunia zima la mkaa, kampa mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anaondoka kwenda Titye. Kasema sisi hatuvihitaji tena. Bodaboda hiyoo, ikapotea.

Maharage yalikuwa nusu mabichi moto ulipozimika.

Watu ishirini na mbili na sahani. Nikaanza kueleza kwamba vijidudu vinapumzika siku ya Bwana. Ndipo sauti ya Isihaka ikavuka ua, kwa wema wote: "Fundi! Ule mtungi niliokupa ulikuwa na gesi ya mwisho mwisho. Umekwisha? Nikurushie mwingine?"

Esteri katoka uani, kaleta mafiga matatu, kakusanya kuni kwa wapangaji. Kaupulizia moto mwenyewe. Moshi ukajaa, mjukuu akapiga chafya, na mawese yalipoingia chunguni nikawa Makere, nina miaka saba, mama yuko hai, anatuambia tusogee la sivyo moshi utatukausha kama samaki. Nililia. Nilisingizia moshi. Kina mama walikubali.

Tulikula saa kumi na moja. Hakukubaki hata punje. Baadaye Esteri kaniambia taratibu kwamba ningemwambia ukweli asubuhi, angepika kwenye mafiga na tungekula mchana. Basi. Hilo tu. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 18 Juni

Akimana kaja, kachukua tope lote. Esteri alikuwa na jembe mkononi, tayari kufukia. Lakini binti yule kamsihi vizuri: tuanze upya kwa kinyesi cha ng'ombe, kisha choo, na unga wa mkaa kwa kipimo chake yeye. Esteri kakubali, kwa mara moja tu, ya mwisho. Kanitaka niape, mkono juu ya kichwa cha mjukuu: sitatia betri, sitaongeza mkaa. Nimeapa. Kwa moyo wote!

Ila nimekiona hicho kipimo. Kibakuli kimoja! Kwa mtambo mzima! Vijidudu vitapokezana nini?

Saa tisa nimepima kwa testa ule uti mweusi ulio ndani ya penseli. Sindano imeruka. Na penseli hakuna aliyezitaja kwenye kiapo. Nimekwenda dukani kwa Isihaka, nimesema kwa sauti kwamba gesi ni yake, nimenunua maboksi manne ya penseli. Kauliza za nini. Nimemwambia za mjukuu, anaanza shule.

Mjukuu ana wiki tano.