Kosa la Shamba Safi

Idara ya Udhibiti wa Magugu ya Nafaka inayo heshima kuutangazia umma kwamba magugu yanaendelea vizuri. Mahindi yamepandwa juu ya mahindi msimu hadi msimu, kama mwongozo unavyoagiza, na kiduha, gugu letu kuu, kimestawi kuliko mahindi yenyewe. Bila magugu, wananchi wapendwa, sisi wataalamu wake tungekula wapi?

Ndiyo maana tulishtuka kusikia kuna shamba safi. Tena la mama mkwe wangu! Mkurugenzi akanituma mimi, naibu wake, nikamhoji.

“Shikamoo, mama. Idara inauliza magugu umeyapeleka wapi.”

“Marahaba, mkwe. Mimi napanda kwa zamu. Mwaka huu mahindi, mwaka jana alizeti, mwaka juzi kunde. Kiduha kinanyonya mizizi ya mahindi. Kikiyakosa miaka miwili, kinyonye nini, kidole changu? Mgongo huu umechoka palizi.”

“Mwongozo unasema mahindi tu, mama. Ukikaidi, Idara inalitwaa shamba.”

“Ala! Na wajukuu zangu, wanao hao, watakula mwongozo?”

Nilimweleza kwa adabu zote kwamba masuala ya kula yako idara nyingine. Alinisonya.

Siku ya kulitwaa shamba, mama mkwe akitutazama, Waziri alitokea bila taarifa. Aliyatazama yale mahindi manene, ardhi safi chini yake, akatabasamu. Mkurugenzi alipoliona tabasamu lile, hati ya kutwaa akaisokomeza mfukoni upesi.

“Ukiona vyaelea, mheshimiwa, jua vimeundwa. Na muundaji ni mimi. Magugu nimeyamaliza.”

“Yote?”

“Yote! Hata la dawa hulipati.”

Nilitaka kumtoa Waziri wasiwasi kwamba mashamba mengine yote yana magugu ya kutosha, lakini Mkurugenzi alinikanyaga mguu. Alikuwa anangojea nishani.

Waziri akampa mkono. “Hongera sana. Sasa idara ya magugu ya nini tena? Ifungwe leo hii.”

Wiki iliyofuata mimi na Mkurugenzi tulisimama mlangoni kwa mama mkwe, tai shingoni, majembe ya kuazima mabegani, tukiomba kibarua cha palizi. Alitupandisha na kutushusha kwa macho.

“Palizi ya nini, wanangu? Si mmeyamaliza yote?”