Habari za Muhuri wa Masizi na Ushindi wa Wivine binti Kasika

Sogeeni, nyote mnaojua uzito wa karatasi. Sogeeni ninyi mliosimama foleni hadi miguu ikawasahau, ninyi mlioambiwa "rudi kesho" na kesho mkarudi, mkakuta kesho nayo imefungwa. Wengine wamesimulia habari za majemadari, na za bendera zilizopandishwa na kushushwa juu ya vilima vya Masisi. Hao waacheni, wanazo redio zao. Mimi nimekuja na habari za Wivine binti Kasika, Mbeba Bahasha, Msoma Ibara, aliyepigana mchana kweupe na kidude cha mpira kisichozidi kifuniko cha chupa, akakishinda. Atakayecheka na acheke kwa adabu, maana kuna mahali nitamwomba anyamaze.

Ilikuwa katika miaka ya vita, mwaka ule ambao barabara ya Kitshanga ilifungwa mara tatu kabla ya Pasaka. Katika mji huo, nyuma ya duka la Mama Hélène wa Butembo, muuza misumari na blanketi, palikuwa na chumba kimoja chenye meza tatu, na juu ya mlango wake kibao: Shirika la Sheria na Msitu. Humo ndimo walimokaa watetezi wa miti. Wa kwanza wao alikuwa Papa Evode, kordinateri, yaani mratibu, Simba wa Mikutano, ambaye hajapata kukutana na jambo asiliundie kamati. Wa pili alikuwa Guylain, mchora ramani na mpanda pikipiki, aliyejua kila kijito cha Walikale kwa jina lake na kila fundi wa matairi kwa jina la utani. Wa tatu ndiye Wivine.

Huyu Wivine alisomea sheria Goma, akarudi na ndoto moja: kusimama mbele ya hakimu, kunyoosha mkono, na kutetea. Vita vikafunga mahakama kabla yeye hajafungua kinywa. Kwa miaka saba alikuwa ameandika barua, na barua za kukumbushia barua, na hakuwa ametetea kesi hata moja. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa ofisini alilimeza pamoja na chai.

Sasa sikieni kilichokuwa hatarini. Watu wa bonde moja la mpakani mwa Masisi na Walikale, waliokimbia risasi na kuishi chini ya maturubai huko Kashuga, walikuwa wameomba msitu wa babu zao uandikwe kwa jina lao, wakatia na alama za vidole. Msitu huo ulikuwa umeanza kutamaniwa na watu wenye misumeno, na watu wenye misumeno hawaulizi mwenyewe amekimbilia wapi. Sheria ilisema hivi, naye Wivine aliijua kama wengine waijuavyo Baba Yetu: ombi likipokelewa na kutiwa muhuri, Leta (ndivyo watu wa huko waiitavyo Serikali) ina miezi mitatu ya kujibu; ikinyamaza miezi yote mitatu, msitu ni wa walioomba. Ila miezi hiyo haianzi kuhesabiwa mpaka muhuri uguse karatasi. Bila muhuri, dosie ile, yaani faili la ombi, ilifaa kufungia karanga tu.

Basi asubuhi moja zikaja habari kwamba ofisi ya kupokea maombi ingehama saa sita mchana, kwa kuwa milio ya bunduki ilikuwa imevuka vilima viwili na haikuonyesha nia ya kurudi. Ofisi hiyo sitasema ilikuwa wapi, maana karani wake yu hai na ana kumbukumbu nzuri. Papa Evode akaitisha mkutano papo hapo, akasimama nyuma ya meza yake, akanena:

"Bandugu, wapiganaji wa sheria! Leo njo ile siku. Dosie iko tayari, vidole mia mbili na kumi na mbili iko mu karatasi. Historia inatuangalia. Mimi napendekeza tuunde kamati ya kupeleka."

"Papa Kordinateri," akasema Guylain, "pikipiki inabeba bantu batatu. Kamati itaomba lori."

Ikaamuliwa kwamba Papa Evode abaki kulinda makao makuu, kazi aliyoipokea kwa ushujaa. Nafasi ya tatu ilikuwa ya Mama Adelaïde, msemaji wa watu wa bonde, aliyekuwa amefika alfajiri kwa miguu kutoka Kashuga, na mgongoni amefunga sufuria yake. Guylain akamsihi aiache dukani kwa Mama Hélène, kwa kuwa njia ilikuwa ya matope na mizigo haitakiwi.

"Mutoto wangu," Mama Adelaïde akajibu, "nyumba niliacha. Mbuzi niliacha. Shamba ya maharagi niliacha ikiwa na maua. Sufuria haibaki."

Wakapanda watatu na sufuria.

Sitawachosha na safari. Waliteleza mara mbili, wakasukuma mara nne, wakapita vizuizi viwili vya vijana wenye bunduki, ambao waliifungua bahasha ya dosie, wakaitazama ramani juu chini, wakauliza dhahabu iko upande gani. Guylain akawaeleza kwamba kijani chote kile ni miti tu, nao wakaikunja ramani kwa masikitiko na kuirudisha. Saa tano na robo mashujaa wetu wakafika, matope hadi kwenye nyusi, na bahasha kavu kama ilivyotoka Kitshanga.

Huko wakamkuta Papa Kanyamibwa, Mlinzi wa Muhuri, mzee wa tai na kalamu mbili mfukoni, akitia mafaili katika magunia ya viazi. Nje lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Papa Kanyamibwa akafuta mikono, akaipokea dosie, akaifungua ukurasa kwa ukurasa, na uso wake ukalainika.

"Dada, hii dosie iko muzuri. Ramani ya rangi, vidole mia mbili. Sijaona ya hivi tangu nilianza kazi." Kisha akafungua kibati kidogo mezani, ndani yake kitambaa cha wino, kigumu, kimepasuka kama matope ya kiangazi. "Lakini ona. Juma muzima niligonga karatasi za bantu benye kukimbia, bapate kupita ku bariere. Sikukatalia muntu. Ankre ilikwisha jana. Ingine iko Goma."

Goma! Mji huo ndio uliokuwa na wino, na mahakama, na umeme, na kila kitu ambacho vilima havina, na njia ya kwenda huko ndiyo lori lile lililokuwa likinguruma mlangoni. Miaka saba ya barua, vidole mia mbili na kumi na mbili, na yote yamekwama kwenye kitambaa kikavu.

Hapo vita vikaanza. Papa Kanyamibwa akautwaa muhuri, akauhemea kwa pumzi yake ya moto, kama makarani wote wa dunia wafanyavyo, akaugonga juu ya fomu mbovu, na karatasi ikabaki nyeupe. Akauhemea tena, safari hii akifumba macho. Ikabaki nyeupe. Guylain akajitosa mstari wa mbele: akavunja kalamu ya bic kwa meno ili amimine wino wake, akapata tone moja mezani na mengine yote mdomoni, akaondoka vitani na midomo ya buluu. Saa sita kasoro dakika ishirini dereva akapiga honi ya kwanza.

Mama Adelaïde alikuwa amekaa sakafuni akivitazama vita vya wasomi. Akafungua kanga, akaishusha sufuria, akaigeuza kifudifudi. Tako lake lilikuwa jeusi kwa masizi ya miaka.

"Wivine," akasema, "umesahau kule Kashuga? Ankre yenu ilikwishia ku kidole ya makumi kenda na moja. Wengine tulitumia nini?"

Wivine akakumbuka. Kweli, vidole kuanzia cha tisini na mbili vilikuwa vyeusi, si buluu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika karatasi. Akafungua mkoba, akatoa chupa yake ya mafuta ya kujipaka, ya harufu ya papai, akayamimina kwenye kifuniko. Mama Adelaïde akakwangua masizi kwa ukucha. Nchi inaitwa Masisi, na hapo, wallahi, iliokolewa na masizi. Mwenye masikio na acheze na maneno hayo.

Lakini Mlinzi wa Muhuri akaufunika muhuri kwa kiganja chake.

"Hapana, dada. Kashe ya Leta iko ya rangi ya zambarau. Wakati baba yangu alikuwa karani, zambarau. Kesho ku Goma shefu ataniuliza: Kanyamibwa, hii nyeusi ulitoa wapi? Nimujibu, mu sufuria ya maharagi? Miaka makumi mbili na sita nalinda hii kitu. Sijaichafua hata siku moja."

Hapo Wivine akasimama. Alikuwa amesimama tangu alipoingia, maana viti vilikuwa vimekwisha kupakiwa, lakini sasa alisimama kama mtu anayejua kwamba amesimama. Akanyoosha mkono.

"Papa Kanyamibwa," akanena, "sikukuja kukuomba ufanye kosa. Hii sheria niliisoma artikle kwa artikle, mishumaa ikaniishia. Inasema dosie ipokelewe, kashe igongwe, tarehe iandikwe. Fasi ya rangi, iko kimya. Na fasi sheria iko kimya, muntu hana ruhusa ya kuongeza yake, hata akiwa shefu wa Goma. Ankre iko ya nini? Ya kuonyesha kama hii karatasi ilikufikia leo, na wewe ulikuwa ungali mu biro, wakati wengine balishakimbia. Masizi itaonyesha ile ile. Shefu akikuuliza, usimwambie sufuria. Mwambie: alikuja avoka moja, na sikupata artikle ya kumujibu."

Ilikuwa mara ya kwanza ajiite avoka, yaani wakili, mbele ya mtu. Guylain, mwenye midomo ya buluu, alisahau kuifuta.

Honi ikalia mara ya pili. Kiganja cha Papa Kanyamibwa kikabaki juu ya muhuri. Ndipo Mama Adelaïde akaweka kidole gumba chake cheusi juu ya meza, karibu na kile kiganja.

"Papa, mu ile dosie vidole mia moja na makumi mbili na moja iko ya masizi. Kama unakataa masizi, ukatae na siye."

Mzee akakitazama kidole kile. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa shati, akakunja, akauachia muhuri. "Mulete," akasema.

Mama Adelaïde akaupaka muhuri kwa gumba lake, kwa uangalifu, kama apakavyo mtoto mafuta ya homa kifuani. Pigo la kwanza, juu ya kalenda ya mwaka uliopita, likatoa doa la mviringo bila herufi hata moja. Wakapunguza mafuta. Pigo la pili likatoa herufi nusu, na nusu zikabaki kwenye mpira. Wakaongeza masizi. Honi ya tatu ikalia, ndefu, na dereva akaanza kutukana kwa Kilingala. Papa Kanyamibwa, asiyeharakishwa, akainyoosha nakala ya pili ya ombi, yenye vidole vile vile, ambayo wangerudi nayo, akaulenga muhuri, akauinua hadi usawa wa sikio, akaushusha kwa kishindo kilichotikisa meza.

Ukaonekana. Mviringo mweusi, umepinda kidogo upande wa kushoto, herufi zote zinasomeka isipokuwa ya mwisho, na harufu ya papai ikajaa ofisi. Akaandika tarehe kando yake, akatia saini, akawapa mkono wote watatu mmoja mmoja, akaitia dosie katika gunia lake la mwisho, akalibeba.

Mama Adelaïde akaomba aishike nakala. Hakujua kusoma, na siku ya kutia vidole alikuwa ameuficha mkono ndani ya kanga mpaka wenye kalamu wamalize kusaini, kwa aibu. Sasa akaitazama alama yake chini ya karatasi, akautazama muhuri kando yake: weusi ule ule, mafuta yale yale, sufuria moja.

"Kumbe," akasema taratibu, "Leta nayo inatiaka kidole."

Niliwaambia kuna mahali nitawaomba mnyamaze. Ni hapo. Wivine alilia, na sioni haja ya kumfichia.

Katika ripoti kwa wafadhili, Papa Evode aliuandika ushindi huu kwa mstari mmoja: dosie zilizopokelewa, moja. Kisha akaunda Kamati ya Kungojea Jibu, iliyokutana mara sita. Ofisi ilihamia Goma, na ndani ya Goma ikahama tena. Miezi mitatu ilipotimia na siku moja juu yake, Wivine alipanda nyuma ya Guylain hadi Kashuga, akamkuta Mama Adelaïde akipika maharagwe.

"Leta ilijibu nini?"

"Haikujibu kitu, Mama."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Mama Adelaïde akapiga vigelegele, na majirani wakatoka chini ya maturubai kuuliza nani anaolewa. Hakuna jibu la Serikali lililopata kushangiliwa hivyo katika vilima vile.

Bado hawajarudi bondeni. Milio haijawaruhusu, na hilo hakuna avoka aliyeliweza. Lakini atakayepeleka msumeno kule leo atakuta msitu una wenyewe, na wana karatasi. Basi na iandikwe pale wanapoandika miji iliyotekwa, kwamba Wivine binti Kasika alishinda kesi yake ya kwanza mbele ya hakimu mwenye gunia la viazi, na dereva akipiga honi. Na iandikwe pia kwamba tangu siku ile Mama Adelaïde huisugua sufuria yake ndani tu. Nje haigusi.

"Uiache," huwaambia wajukuu wakitaka kuing'arisha. "Leta inaweza kuishiwa tena."