Bahasha Apate Kwao Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti

Siku tano zimebaki. Nimeandika hivyo juu ya ukurasa na kupiga mistari miwili chini yake, kama tunavyofundishwa kufanya na jibu la mwisho.

Mama Apolinaria, anayetunza mbwa wasio na wenyewe kwenye uwanja wake hapa Tabora mjini, anahamia Mwanza kwa binti yake Jumamosi jioni. Nyumba ya huko haina uwanja. Mbwa kumi wameshapata watu wa kuwachukua. Amebaki mmoja tu, Bahasha. Tulimwita hivyo kwa sababu ana rangi ya kaki kama bahasha za ofisini. Ni kiziwi wa masikio yote mawili tangu kuzaliwa. Mguu wake wa nyuma umepinda. Anaogopa wanaume waliovaa kofia, mafagio, miavuli na kuku majike. (Jogoo hamwogopi. Sijui kwa nini.) Wageni wakija hujificha nyuma ya pipa la maji na kuacha mkia nje.

Mama Apolinaria aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asipopatikana mtu, Jumamosi saa nane bwana mifugo atakuja na sindano. Alisema Bahasha hatasikia maumivu. Niliangalia pembeni.

Kwetu hawezi kuja. Tulijaribu mwezi wa sita. Bata wa Babu walimkimbiza hadi chooni, akagoma kutoka siku mbili. Nyumba nzima tulikuwa tunaomba choo kwa jirani.

Agnetha, mwenzangu katika klabu ya wanyama shuleni, ameshawatafutia mbwa wanne makwao. Wanne! Leo aliniuliza mbele ya Kidato cha Pili chote kama mimi bado nina sifuri. Nikamjibu kwamba wangu ni mbwa mgumu, ni kama swali la mwisho la hesabu. Akasema swali la mwisho huwa siligusi kabisa.

Nimeshapata mpango. Mwalimu Gerson wa hesabu ameibiwa kuku mara tatu tangu Juni. Anahitaji mlinzi. Kesho!

Jumanne, 5 Agosti

Sikusema uongo. Naandika hili kwanza ili lijulikane. Nilimwambia Mwalimu Gerson kwamba Bahasha ni mtulivu na hababaiki kwa kelele ya aina yoyote. Ni kweli tupu.

Mwalimu alikuja saa kumi na moja jioni. Kwa bahati Bahasha alikuwa amelala, kwa hiyo hakukimbia. Mwalimu akapiga mluzi. Hakuna kitu. Akapiga makofi. Hakuna kitu. Nikasema anatafakari. Mwalimu akaomba sufuria na mwiko, akagonga mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna msiba. Bahasha akageukia upande wa pili, akakoroma.

Hapo kuku mmoja wa Mama Apolinaria akapita, akapanda juu ya mbavu zake. Bahasha akafumbua macho. Akamwona kuku. Akalia kama mtoto na kukimbilia nyuma ya pipa.

Mwalimu aliuangalia ule mkia kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, “Levina, mwizi akija kwangu, huyu atamwomba amlinde na kuku.”

Akaenda zake. Kesho tuna jaribio lake la hesabu. Mungu anisaidie.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio: kumi na moja kwa thelathini. Tuyaache hayo.

Mpango wa pili ulikuwa mzuri sana na bado naamini hivyo. Bahasha hasikii, lakini anajua ishara. Mkono juu, anakaa. Kiganja chini, analala. Mikono yote miwili ikipungwa, anakuja. Mama Apolinaria alimfundisha mwenyewe. Sasa basi, Mama Elieth, mwalimu wa kwaya ya Moravian, anataka mbwa mwenye adabu. Lengo: asijue kuhusu masikio mpaka atakapokuwa ameshampenda. Mbinu: yeye aseme amri, mimi nisimame nyuma yake na kutoa ishara.

Mama Elieth alisema, “Kaa.” Nikainua mkono. Bahasha akakaa! Mama Elieth alisema, “Lala.” Bahasha akalala! Akasema kwamba hata sauti ya tatu ya kwaya yake haimtii namna hiyo. Moyo wangu ukaanza kuimba.

Kisha akasema, “Njoo.” Bahasha akasita, kwa sababu Mama Elieth alikuwa ameshika mwavuli. Nikapunga kwa nguvu. Nikasimama kwenye ncha za vidole ili anione vizuri. Nikafungua mdomo. Mama Elieth akageuka.

Jambo hili nilipaswa kuambiwa mapema: Mama Elieth huongoza kwaya akiwa amesimama kwenye ncha za vidole, mikono juu, mdomo wazi, na vijana wote wa mji huu humwigiza. Mwezi uliopita alisimamisha waimbaji wawili kwa kosa hilo hilo.

“Kumbe na wewe!” akasema. “Mjukuu wa Mzee Sylvester! Nyumba ya watu wa heshima!”

Nilimfuata hadi barabarani nikimweleza. Nilikuwa nimeshazoea, kwa hiyo nilimweleza kwa mikono. Hilo halikusaidia.

Kabla ya chakula cha jioni Babu alikuwa ameshaambiwa. Alinipeleka mwenyewe kuomba radhi. Mama Elieth alipokea radhi. Mbwa hakumpokea.

Alhamisi, 7 Agosti

Agnetha anasema niseme ukweli tu. Inaniudhi, kwa sababu Mama Apolinaria naye amesema hivyo hivyo, na siwezi kumbishia mtu mzima.

Nikaandika tangazo. Ukweli wote, bila kuficha: “MBWA. Kiziwi. Mguu umepinda. Mwoga. Anaogopa kuku. Hawezi kulinda chochote. Hukoroma. Anatafuta kwao.” Kisha nikaona nimuongezee jambo moja zuri. Nilifikiri kipindi kizima cha Uraia. Nikaandika: “Akikuzoea, huweka kidevu chake juu ya kiatu chako na kukaa hapo.” Chini nikaweka namba ya simu ya Babu.

Agnetha alilisoma. Akauliza kama namtafutia Bahasha nyumba au nampeleka mahakamani.

Nimebandika moja kanisani, moja sokoni. Mpaka saa moja jioni simu ililia mara moja. Babu akaweka sikioni. Mtu wa upande wa pili hakusema neno. Alikuwa anacheka tu. Alicheka mpaka salio likaisha.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Hakuna shule, ni sikukuu ya wakulima. Tulimpeleka Bahasha kwenye viwanja vya maonyesho, mimi, Babu na Mama Apolinaria. Watu wa Sikonge walituruhusu tukae karibu na meza yao ya asali. Bahasha akaingia chini ya meza. Kwa muda wa saa nne hakuna aliyesimama, isipokuwa waliotaka asali.

Ndipo akaja Mzee Yoramu. Ni Mgogo, rafiki wa Babu tangu walipokuwa wote wakifanya kazi reli, na siku hizi anaishi Igalula. Zamani alikuwa anapanga mabehewa stesheni kwa ishara za bendera na mikono. Alikuwa amebandua tangazo langu kutoka sokoni. Akalisoma kwa sauti, mbele ya watu.

“Jamani, njooni muone! Wanyamwezi wamefikia hapa! Mbwa anaogopa kuku! Sylvester, mmemfundisha ninyi wenyewe?”

Akacheka, na kwa kicheko kile nikajua: aliyecheka kwenye simu ni yeye. Babu akafuta machozi ya kicheko na kusema afadhali mbwa anayeogopa kuku kuliko Mgogo anayeogopa jembe. Watu wakakusanyika.

Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Najua utani, tumesoma shuleni na Babu amenisimulia mara nyingi. Wapagazi wetu walipotoka Tabora kwenda pwani walipita Ugogo, na Wagogo waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia na wa maji. Wakagombana, wakachoka kugombana, wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana msibani kwenu. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, nawe huruhusiwi kukasirika. Unakwenda kukikomboa kwa kitu kingine, na akikipokea lazima akurudishie chako.

Najua yote hayo. Lakini Mzee Yoramu alipoinama chini ya meza na kuchukua kamba ya Bahasha, niliyasahau yote.

“Babu zenu walikunywa maji yetu wakatoroka alfajiri,” alitangaza. “Huyu ndiye hongo. Mkimtaka, njooni Igalula mmkomboe.”

Akambeba Bahasha mikononi, akapanda gari la jamaa yake, wakaondoka. Watu walipiga vigelegele. Babu alicheka. Mama Apolinaria alicheka mpaka akashika meza! Mimi peke yangu nililia. Mzee alikuwa amevaa KOFIA. Niliona masikio ya Bahasha yakitetemeka.

Nimewaza. Mzee amemchukua kwa mzaha. Mzaha ukiisha atamfungulia kamba. Na nyumba yake iko karibu na reli. Kiziwi na treni!

Nimemwambia Babu kwamba kesho asubuhi tunakwenda kumkomboa. Babu aliniuliza nikishamkomboa nitampeleka wapi kabla ya saa nane. Nikamjibu mpango mmoja kwa wakati mmoja. Alinitazama, akasema sawa, tutakwenda, nami nitajionea.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulishuka kwenye treni Igalula saa nne asubuhi. Tulibeba jogoo mmoja na lita moja ya asali ya Sikonge.

Nilipoingia uwanjani nilitafuta pipa la maji. Lilikuwepo. Hakukuwa na mkia nyuma yake.

Kisha nikamwona. Mzee Yoramu alikuwa amekaa mlangoni, kichwa wazi juani. Bahasha alikuwa amelala mbele yake, kidevu juu ya kiatu.

Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kusogeza mguu. Nikamuuliza kofia yake iko wapi. Akaonyesha msumari ukutani. Alisema jana mbwa aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka, basi akajaribu kuvua kiatu, akavua koti, mwisho akavua kofia, na mbwa akatoka. Hajaivaa tena. Nikamuuliza kuhusu treni. Akaonyesha ua wa mataruma ya zamani, yale magogo yanayolala chini ya reli, upande wote wa njia ya treni, mrefu kunipita, hata mbuzi hapenyi. Alipoonyesha, kiganja chake kilishuka kidogo, na Bahasha, aliyekuwa ameanza kuinuka, akalala tena. Mzee hakutambua hata kwamba ametoa amri. Kila akizungumza mikono yake inazungumza.

Mimi nikaendelea na mpango. Nilitoa jogoo.

Mzee Yoramu alimkagua. Akasema miguu yake ni kama spoku za baiskeli, hawezi kumpokea. Babu akanikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya.

Nikaongeza asali. Mzee akalamba kidole. Akasema nyuki wa Sikonge wamekuwa wavivu, hawezi. Babu akanikanyaga tena. Nikasogea.

Nikavua sweta langu la shule nikaliweka juu. Mzee akasema halimtoshi. Nikasema nitaleta bata, wawili, watatu, bata wote wa Babu! Sauti yake ikawa ndogo. Akasema yeye hawapendi bata, na mbwa huyu pia hawapendi. Nikamuuliza sasa anataka nini. Aliangalia reli. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Bahasha, na dole gumba lilikuwa linapita taratibu nyuma ya sikio lisilosikia.

Mara ya tatu Babu alikanyaga kwa kisigino.

“Mjukuu wangu,” akaninong’oneza, “ukiongeza kitu kimoja tu akakosa kasoro ya kukitia, itabidi aturudishie. Nyamaza.”

Nikanyamaza! Nilinyamaza kuliko nilivyowahi kunyamaza maishani mwangu. Kisha nikacheka, kisha nikalia, nadhani vyote kwa pamoja, na Mzee Yoramu akamuuliza Babu kama Wanyamwezi siku hizi wanafuga mvua ndani ya watoto.

“Basi tumeshindwa,” Babu akasema kwa sauti kubwa. “Wagogo mmetula.”

“Na bado!” Mzee Yoramu akajibu. Akachukua asali, akasema hiyo ni faini ya kumsumbua mtu nyumbani kwake.

Kabla ya saa nane nilimpigia Mama Apolinaria kwa simu ya Babu, kumwomba amzuie bwana mifugo. Alisema alishamzuia tangu jana, gari la Mzee Yoramu lilipotoka tu viwanjani. Alisema hajawahi kuona mtani akimbeba hongo kama mtu anayebeba mayai. Nilikaa chini pale pale kwenye changarawe za stesheni. Nilivuta pumzi mpaka tumboni. Sikuwa nimevuta pumzi hivyo tangu Jumatatu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Agnetha alinipa mkono na kunipongeza. Nilimweleza kwamba yote yalikwenda kama nilivyopanga. Tangazo lilikuwa chambo. Utani niliuweka kwenye hesabu tangu mwanzo. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Nimejifunza mengi wiki hii na nimeyaorodhesha kwenye karatasi, ambayo sasa siioni. La muhimu ni kwamba ukweli usemwe wote, mapema, na mtu asijitie kwenye mambo ya wenzake bila kuombwa.

Dada Advera, binamu yangu wa Kigwa, ana punda asiyetakiwa na mtu. Akiwekewa mzigo hulala chini. Akiamshwa huuma. Dada Advera hajaniomba chochote, ila nimeona wazi kwamba anahitaji msaada wa mtu mwenye uzoefu. Nimeshaandika tangazo: “Punda mwenye msimamo. Anajua thamani ya kupumzika. Hupenda kuwa karibu sana na watu.”

Mteja wa kwanza ameshapatikana! Ni paroko wetu, ana vigango vya mbali, yaani makanisa madogo ya vijijini anayoyazungukia. Atakuja kesho saa kumi, na anataka kumpanda yeye mwenyewe. Nimemwambia hakuna tabu.