Ufunguo wa Saa ya Mzee Umaru

Tulieni, enyi wenye masikio! Mwenye boda na azime injini, muuza nyanya na afunike nyanya zake, maana leo natangaza vita vilivyopiganwa Arua, katika uwanja usiojaza kiganja cha mtoto, baina ya Natalina, malkia wa kibano, na saa ya mkono ya Mzee Umaru, nyembamba kama biskuti.

Saa hiyo haikujua betri. Aliyeibuni, Mungu amsamehe, alipania ipite chini ya mkono wa shati bila kugusa kitambaa, akayabananisha magurudumu yake hata unywele mmoja ungekosa pa kukaa. Mzee Umaru, askari mstaafu wa Koboko, alipolazwa hospitalini Arua kwa upasuaji wa jicho, aliivua akamkabidhi Duku, aliyemwoa bintiye Zulaika juzijuzi tu. "Tia ufunguo kila asubuhi," akaamuru, na huo ndio ukawa mtihani wa kwanza wa ukwe.

Ole wake Duku! Sasa alisimama mbele ya meza ya Natalina sokoni, saa imekufa mkononi, na baba mkwe anaruhusiwa kutoka mchana huohuo.

"Mama Fundi, saa nasimama yenyewe tu," akalalama. "Mimi hapana fanya kitu. Mzee akiona hivi, ataniita mutu bure mpaka nizeeke."

Natalina akainuka, akahutubia soko zima. "Duku wa Koboko! Mimi natoka Yei na hii kibano mkononi. Saa ya askari, saa ya padri, zote nasalimu amri hapa. Hii moja ni nani?"

Akatia lenzi jichoni, akafungua mfuniko, akafuta vumbi, akadondosha kwa ncha ya sindano tone la mafuta ambalo inzi angelidharau. Tik, tik, tik! Akafunga mfuniko kwa fahari. Kimya. Akafungua: tik. Akafunga: kimya. Adui gani huyu, hai mwangani na maiti gizani? Jasho likamtiririka malkia, akamlaani shetani, akaulaumu na umeme wa Arua, ingawa saa ile haikuwa na haja yoyote na umeme.

Ndipo kidole chake kilipopapasa mfuniko kikakuta umebonyea. Katika saa nene pasingeharibika kitu. Katika hii, pale palipobonyea palilikaba koo lile gurudumu dogo linalocheza huku na huku. Na ukingoni mwa mfuniko palikuwa na mikwaruzo miwili, mmoja mpya, mwingine mkongwe, umeshakuwa mweusi.

"Duku," akanguruma, "nani alipigana na hii mfuniko?"

Duku akatazama viatu vyake. "Mzee alisema tia ufunguo. Mimi natafuta tundu, tundu hapana. Nikachukua ufunguo ya sanduku, nikaingiza hapa pembeni. Ikafunguka! Nikaogopa, nikarudisha na jiwe."

Natalina alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Akamshika vidole viwili, akavipeleka kwenye kile kichwa kidogo ubavuni mwa saa, akavizungusha taratibu. "Ufunguo iko hii, mtoto yangu. Saa nazaliwa nayo."

Kisha likaja shambulio la mwisho. Malkia akalaza mfuniko juu ya kipande cha ngozi, akashika mwiko wa kusongea ugali, akausukuma ule ubonyeo kwa mpini, pumzi ameibana, na soko likaibana pamoja naye. Akafunga. Tik, tik, tik! Duku alilia hadharani, wala hakuona haya.

Mchana, langoni pa hospitali, Mzee Umaru, jicho moja ndani ya bendeji, akaiweka saa sikioni. Duku alisimama wima kama kuruta. Kidole gumba cha mzee kikatembea ukingoni mwa mfuniko, kikasimama.

"Zulaika," akasema, "huyu bwana yako alitafuta tundu ya ufunguo."

Zulaika akaziba mdomo kwa mtandio. Duku akatamani ardhi immeze.

"Ile alama ingine ni yangu," mzee akaendelea, mabega yakianza kumtetemeka kwa kicheko. "Afande alinipa saa, akasema tia ufunguo. Mimi nikaingiza ya ghala ya bunduki!"

Akacheka hadi muuguzi akamkumbusha jicho. Kisha akamvalisha Duku saa ile kwa mkono wake mwenyewe.

Basi itangazwe kutoka Dadamu hadi Koboko, na vizazi visisahau: siku hiyo, Arua, mfuniko ulinyooshwa kwa mwiko, na Mzee Umaru akapata mtoto wa kiume.